Rafu ya Tisa

Tarehe kumi na moja mwezi wa tatu nilimpoteza binti yangu wa kwanza. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Aliugua siku tisa, tukamzika Mumosho, kwa wazazi wangu, na baada ya wiki mbili nikarudi kazini maktabani. Pamoja naye kilipotea kitu kingine ambacho sikukigundua upesi: jina nililokuwa nikiitwa.

Kwetu Bukavu mwanamke akishazaa, watu humwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kwa miaka ishirini na mbili nilikuwa Mama fulani, sokoni Nyawera, kanisani, kazini, hata kwa mwenye nyumba. Jina lenyewe sitaliandika humu. Ni la watu waliokuwa wakituita, na wadogo zake wameniomba libaki nyumbani. Mahali pake nitaweka kistari. Nilikuwa Mama —.

Niliporudi kazini hakuna aliyeniita hivyo tena. Sidhani kama walikubaliana. Nadhani kila mmoja aliogopa peke yake. Mkuu wa maktaba akaanza kuniita "mama" tu, akiishia hapo kama mtu aliyefika ukingo wa shimo. Katibu akaniita "mama wa vitabu". Papa wa magazeti, yaani mzee anayetunza magazeti yetu, ambaye meza yake imetazamana na yangu kwa miaka kumi na moja, akachagua neno la Kifaransa, "kolege", yaani mfanyakazi mwenza, kana kwamba tumeajiriwa juzi. Mimi sikusema kitu. Mtu akikuhurumia kwa kunyamaza, ni vigumu kumwomba aseme.

Miezi mitano ilipita hivyo, ndipo yakaja mafunzo.

Maktaba yetu ni nyumba moja ya matofali juu ya barabara inayopanda kutoka Nyawera. Ina rafu nane za vitabu, chumba cha magazeti, na kabati la droo ndogo ndogo zenye fishi, yaani kadi za vitabu, kadi moja kwa kila kitabu. Nilianza pale kama mfagiaji. Shule niliacha mwaka wa pili wa sekondari. Vitabu nilivijua kwa kuvifuta vumbi, na fishi nilijifunza kwa kuzisoma nikiwa na kitambaa mkononi, mpaka siku moja msomaji aliuliza kitabu na mimi ndiye niliyejua kilipo. Mkuu aliyekuwapo wakati ule akanitoa kwenye ufagio akanipa meza.

Kwa hiyo fishi naziamini. Fishi ina mwandiko wa mtu. Ukikosea unapiga mstari kwa wino mwekundu, unaandika upya pembeni, na kosa lako linabaki linaonekana. Mashine sikuziamini. Mradi mmoja uliwahi kutuletea kompyuta, ikafanya kazi msimu mmoja wa mvua, ikazimika. Bado tunayo. Inazuia mlango wa chumba cha magazeti usibamizwe na upepo.

Basi mkuu alipotuambia kwamba mradi mwingine umetoa kompyuta ndogo sita, na kwamba mwalimu atakuja siku tano kutufundisha kazi za mtandaoni, papa wa magazeti alitazama mlango wake akasema, "Muzuri. Mulango wa choo nao unapigwa na upepo."

Mwalimu alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini hivi, wa mtaa wa Nguba, aliyefika asubuhi ya Jumatatu na koti la mvua la watu wa pikipiki. Alianza kwa kusoma orodha ya majina, nayo ilikuwa imeandikwa kwa kufuata kadi zetu za mpiga kura, ndizo vitambulisho vyetu. Alisoma la kwanza, mkuu akaitika. Akasoma la pili. Kimya.

"Huyu hayuko?"

Katibu aliyekaa nami benchi moja, mabega yakigusana, alitazama huku na huku. "Huyo hatumujue, madamu. Pengine ni wa ofisi ingine."

Mwalimu akaweka alama ya kutokuwepo akaendelea. Alikuwa amefika jina la tano ndipo nikaelewa. Nilinyoosha mkono.

"Madamu, yule mutu hajakuja, ni mie."

Watu walicheka mpaka mkuu akavua miwani. Katibu alinigeukia, macho yamemtoka. "Kumbe njo jina yako? Miaka yote hii?"

"Mi pia nilikuwa nimeisahau," nikamwambia, na ilikuwa kweli.

Baada ya hapo mwalimu aliuliza nani ana anwani ya barua pepe. Tulionyoosha mkono tulikuwa wawili, mkuu na mimi. Watu walishangaa. Anwani yangu ilifunguliwa na binti yangu, siku nilipopata simu yenye kioo. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, simu mkononi, anabonyeza haraka haraka.

"Mama, hapa wanauliza jina."

"Andika jina yangu."

"Yako ni gani? Mi najua moja tu."

Akaandika hiyo moja. Sikuwahi kuitumia anwani ile. Nilikuwa nimesahau hata kwamba jina lake limekaa mle ndani, linangoja. Asubuhi ile mwalimu aliiingiza kwenye kompyuta niliyopewa, mlango ukafunguka, basi. Wakati ule hakulitazama jina, wala mimi sikulitazama.

Kazi yenyewe ilikuwa jedwali moja kubwa ambalo sote sita tungeliandika kwa wakati mmoja, kila mtu na mashine yake: kitabu gani, nani aliandika, kiko rafu ipi. Nilipoona maneno ya katibu yakitokea kwenye kioo changu bila mimi kugusa kitu, niliondoa mikono mezani.

Nikauliza swali langu la kwanza. "Umeme ukikatika, haya maandiko inaenda wapi?"

"Haiendi. Inakaa kwenye mashini zingine, mbali."

"Za nani?"

"Za kampuni."

"Na siku kampuni inafunga mulango?"

Mwalimu alifikiri. "Njo maana kila mwezi mutachapisha nakala kwa karatasi na kuifungia kwa kabati."

Nilipenda kwamba hakuniambia nisiwe na wasiwasi. Niliandika jibu lake kwenye daftari langu, nikapiga mstari chini yake.

Jumanne alitufundisha kutafuta. Unaandika neno moja kwenye kisanduku na jedwali linakuletea kila kitabu chenye neno hilo. Tulikuwa tumeingiza rafu tatu tu. Niliandika "nyuki", kwa sababu wakulima wa Walungu hutuuliza sana habari za nyuki na mimi huwapa vitabu viwili. Vilikuja vitatu. Cha tatu sikukijua. Jedwali lilisema kiko rafu ya tatu, na papa wa magazeti akasema ndiye aliyekiingiza, jana yake.

Niliinuka katikati ya somo nikaenda rafu ya tatu. Kilikuwa nyuma, kimelala, kimefunikwa na kamusi. Kitabu chembamba chenye picha za mizinga. Fishi yake haikuwamo kwenye droo; labda ilipotea kabla ya zamani zangu. Miaka yote nimefuta vumbi lililokuwa mbele yake tu. Nilikileta na vumbi lake nikakiweka mbele ya mwalimu.

"Iko kweli," nikasema.

"Ulizani nadanganya?"

"Nilizani mashini inadanganya. Wewe bado sikujue."

Papa wa magazeti alikohoa kwa kicheko. Lakini mimi siku ile sikucheka. Nilikuwa na hamu, na hamu hiyo ilinishangaza, kwa maana tangu mwezi wa tatu sikuwa nimetamani kujua jambo lolote. Nilikuwa nikila kwa sababu ni saa ya kula. Sasa nilitaka kujua mashine hii inajua nini na haijui nini, na usiku ule kabla ya kulala niliamua kuipima.

Kwa hiyo Jumatano asubuhi niliingiza kitabu cha uongo. Nilikiita *Namna ya Kufuga Mawe*. Mwandishi nikamwacha mtupu. Mahali pa rafu nikaandika tisa. Nilitaka kuona kama mashine itanikatalia, maana rafu zetu ni nane, na mtoto yeyote wa mtaa anayeingia pale anaweza kuzihesabu. Haikusema kitu. Ilipokea mawe yangu ikayapanga vizuri katikati ya mahindi na sungura.

Kabla ya saa sita mwalimu aliliangaza jedwali ukutani kwa taa yake, anapitia mistari yetu. Akasimama.

"Rafu ya tisa iko wapi?"

"Labda iko kwako Nguba," papa wa magazeti akasema.

"Na huyu anafuga mawe ni nani?"

Kila mtu alitazama mwenzake. Nilikuwa karibu kusema, lakini mwalimu alisema subirini, nitawaonyesha kitu. Alibonyeza mahali, na pembeni ya jedwali ikatokea orodha: kila mstari, nani aliuandika, saa ngapi. Historia, alisema. Akaulizia mstari wa mawe, na ukutani, kwa herufi kubwa kama kichwa changu, pakatokea jina langu kama binti yangu alivyoliandika kwenye mkeka. Mwalimu akalisoma kwa sauti, bila kujua.

"Mama —. Saa tatu na dakika kumi na mbili. Mama — njo nani?"

Katibu aliinamisha kichwa. Papa wa magazeti alishika kalamu yake akaitazama kama kitu kigeni. Nilisikia pikipiki zikipanda barabarani. Sikulia. Watu walidhani nitalia, niliona kwenye migongo yao. Nilichosikia kwanza ni kwamba nimeitwa.

"Ni mie," nikasema. "Niko."

"Sasa Mama —, juu ya nini unatuandikia uongo?"

"Nilikuwa napima kama mashini itakataa."

"Na imefanya nini?"

"Imekubali."

"Itakubali kila kitu, mama. Kukataa ni kazi yetu." Akaliandika hilo ubaoni kwa chaki, kama somo la siku, kisha akarudi kwenye jina ukutani. "Ila hii jina haiko kwa liste. Mradi unataka majina ifanane na kadi. Tazameni, ni kazi ya sekunde." Akatuonyesha, kwenye mashine yake mwenyewe, mahali pa kubadilisha jina. Unafuta, unaandika lingine, unabonyeza.

"Na mistari ya zamani?" nikauliza.

"Yote itabadilika. Hata ya jana."

"Ile jina ya kwanza haitaonekana popote?"

"Popote. Ni kama vile haikukuwako." Alisema kwa fahari kidogo, kama fundi anayeonyesha kiungo kisichoonekana.

Niliwaza wino mwekundu. Kwenye droo zetu kuna fishi za watu waliokufa kabla sijaanza kufagia pale, na makosa yao yote yapo, na chini ya kila mstari mwekundu unasoma kile walichoandika kwanza. Hapa palikuwa na sanduku moja dogo tu, na kidole kimoja.

Mwalimu alisema Ijumaa atakaa na kila mmoja kurekebisha majina, ili mkuu apeleke orodha kwenye mradi.

Wakati wa chai katibu alimvuta mwalimu nje. Niliwaona dirishani, katibu akiongea karibu sana na sikio lake. Mwalimu aliporudi alinifuata kati ya rafu. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama, unisamehe. Sikujua. Nimeita ile jina mbele ya watu."

"Usiombe musamaha," nikamwambia. "Usiache kuniita."

Alinitazama kuona kama nimesema sawasawa. Ajabu ni kwamba niliweza kumwambia mgeni wa siku tatu jambo ambalo nilishindwa kuwaambia watu niliokula nao miaka kumi na moja. Aliniambia kwamba kwake yeye si shida, ila orodha si yake. Ni ya mradi, na mkuu anaogopa mradi ukikasirika hautalipia mtandao wa mwaka ujao.

Alhamisi tulijifunza kuachiana maswali pembeni ya mistari. Unaandika alama, kisha herufi za kwanza za jina la mtu, mashine inakumalizia jina lake, na swali lako linamfikia. Kila mtu alimwandikia kila mtu. Katibu alimwuliza mkuu kuhusu karatasi za choo, mkuu akajibu kwa barua ndefu yenye salamu mwanzoni na heshima mwishoni. Kwangu hakuna aliyeandika. Ili kuniandikia ulipaswa kulianza jina, na mashine ingelimalizia mbele ya macho yako.

Mchana nilifungua ule ukurasa wa kubadilisha jina. Kijistari kilikuwa kinawaka na kuzimika mwishoni mwa jina lake. Nilijaribu kujiambia kwamba ni jambo la ofisi, kwamba kaburi liko Mumosho na wala haliko humu. Mara tatu niliingia, mara tatu nikatoka bila kubonyeza. Kitu pekee nilichojifunza alasiri ile ni kwamba kuna mahali pa kubonyeza kutoka.

Ijumaa mwalimu alianza na mkuu, kisha katibu. Alipofika kwangu alivuta kiti akaketi, hakugusa kitu. Mkuu alisimama nyuma yetu na karatasi yake.

"Papa mukuu," nikasema, na sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka, "kwa cheti muandike jina ya kadi. Kwa mashini, naomba muiache hii."

Mkuu alisafisha koo. Ni mtu mwema, ndiyo maana aliteseka. "Mama, ingekuwa mimi peke yangu. Ila mradi utauliza huyu ni nani, hayuko kwa liste yetu."

Nilishika kipanya. Nilikuwa tayari kutii. Nasema kweli: nilikuwa nimeshapeleka kile kijistari mwishoni mwa jina, na herufi ya mwisho nilikuwa nimeifuta.

"Mukuu, na mie niulize." Ilikuwa papa wa magazeti, kutoka meza yake, hajainua macho. "Siku nitatafuta kitabu, nitauliza nani? Huyu wa kwa kadi, mie simujue. Siku ya kwanza tulimuandika hayuko na alikuwa amekaa hapa."

"Utazoea," mkuu akasema.

"Niko na miaka sitini na mbili. Nitazoea lini?" Alivuta mashine yake karibu. "Tazama. Naandika alama. Naandika ma." Alibonyeza kwa kidole kimoja, polepole, kama anayepanda mbegu. Kisha akasimama. Jina lilikuwa limetokea mbele yake, bado lina herufi zote, kwa sababu mimi sikuwa nimebonyeza kuthibitisha. Tulimwona akilitazama. Alilisoma, kwa sauti ya mtu anayesoma gazeti kwa wengine, mpaka mwisho. "Mama —. Hii najua. Hii iko na kazi hapa ya miaka kumi na moja."

Mwalimu alisema, akitazama meza, kwamba kwenye karatasi kuna nafasi. Anaweza kuongeza safu moja, ya jina la kazini, kando ya jina la kadi. Mradi ukiuliza, jibu liko pale. Mkuu alimpa kalamu haraka, kama mtu aliyekuwa akiingoja nafasi hiyo. Safu ilipoongezwa ikaonekana kwamba hata yeye mkuu ana jina la kazini, na papa wa magazeti pia, na wote wakajaza. Nilirudisha ile herufi niliyoifuta. Mara ya kwanza niliikosea, nikairudisha tena.

Tulipewa vyeti saa nane. Changu kina jina la kadi. Nimekiweka nyumbani juu ya kabati. Watoto walikisoma wakauliza ni cha nani.

Jumatatu iliyofuata mwalimu hakuwepo. Tulikuwa wenyewe, kila mtu na mashine yake, tunaingiza rafu ya nne. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na ziwa halikuonekana dirishani. Papa wa magazeti hakuwa ameniita kwa kinywa tangu Ijumaa. Alinisalimu asubuhi kwa kichwa. Karibu saa tano kona ya kioo changu iliwaka. Lilikuwa swali, pembeni ya mstari wa mawe, ambao nilisahau kuufuta.

"Mama —, natafuta rafu ya tisa tangu asubuhi. Imehama?"

Niliinua macho. Alikuwa ameinamia gazeti, anasoma kwa bidii tangazo la sabuni. Nilianza kuandika jibu, kwamba haiko, papa, nilikuwa napima mashini. Nilikuwa nimefika "napima" ndipo umeme ukakatika. Mtandao ulikufa, taa ikafa, na chumba kizima kikawa cha rangi ya mvua.

Kisha nikasikia kiti chake kikisogea.

"Mama —," akaita, kutoka ng'ambo ya chumba, "hata kwako imekatika?"

"Hata kwangu, papa," nikamjibu.